NURU TUSIYOIONA
Jinsi tabia za nuru zinavyoonyeshwa kwa mawimbi mafupi ya umeme

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuona dishi la televisheni lililofungwa juu ya paa la nyumba. Mtu akilitazama huona sinia la bati tu, limepakwa rangi ya kijivu, wala haling'ai. Ukimwambia ya kwamba sinia lile ni kioo, huenda akacheka na kusema, "Kioo gani hicho kisichoonyesha uso wa mtu?" Lakini ndivyo ilivyo. Dishi ni kioo kamili, ila halikutengenezwa kwa ajili ya macho yetu. Iko nuru nyingine iliangukiayo mchana na usiku, nuru tusiyoiona, nalo huikusanya na kuirudisha mahali pamoja, yaani kwenye kile kichwa kidogo kilichosimamishwa mbele yake.

Katika habari hii twataka kueleza nuru hiyo ni kitu gani, na jinsi walimu wanavyoitumia kuwaonyesha wanafunzi mambo ambayo nuru ya kawaida huyaficha kwa sababu ya udogo wake. Msomaji asiogope. Hesabu iliyomo haizidi ile ya fundi seremala anayepima ubao kwa rula.

WIMBI NA UREFU WAKE

Ukitupa jiwe katika dimbwi lililotulia, maji hufanya duara juu ya duara, nazo huenea hata ukingoni. Nafasi iliyopo toka mgongo wa wimbi moja hata mgongo wa wimbi la pili ndiyo iitwayo urefu wa wimbi. Katika dimbwi urefu huo waweza kuwa sentimita chache. Baharini waweza kuwa mita nyingi.

Nuru nayo huenda kwa mawimbi, lakini si mawimbi ya maji wala ya hewa. Ni mtikisiko wa nguvu za umeme na za sumaku, nao hupita hata mahali pasipo kitu chochote. Ndiyo sababu nuru ya jua hutufikia. Mawimbi yake ni mafupi mno. Katika milimita moja ya rula mawimbi ya nuru ya kijani hupangana kiasi cha 2,000.

Mawimbi ya redio ni mtikisiko wa namna iyo hiyo, lakini ni marefu, mengine hufika mita mamia. Kati ya hayo marefu na nuru iliyo fupi yako mawimbi yaitwayo maikrowevu, ambayo urefu wake ni toka milimita 1 hata sentimita 30 hivi. Yale yaletayo picha kwenye dishi dogo la nyumbani yana urefu wa sentimita 2 na nusu hivi. Haya yote ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, wanaopitana kimo tu. Mwendo wao mahali patupu ni mmoja, kilometa 300,000 hivi kwa kila sekunde.

Sasa tuseme neno ambalo ndilo shina la habari yetu. Tabia ya wimbi linapokutana na kitu haitegemei ukubwa wa kitu peke yake, bali hutegemea ukubwa wa kitu hicho ukilinganishwa na urefu wa wimbi lenyewe. Rangi iliyopakwa juu ya dishi ina vijivimbe ambavyo kwa nuru ni kama vilima na mabonde, nayo nuru ikivipiga hutawanyika huku na huku. Basi macho hayaoni uso wa mtu mle. Lakini kwa wimbi la sentimita 2 na nusu, vijivimbe hivyo si kitu, kama mchanga chini ya unyayo wa tembo. Wimbi hilo laona mahali laini kabisa, na kurudi kwa utaratibu kama nuru irudivyo katika kioo.

Tena tundu ni vivyo hivyo. Yako madishi makubwa yaliyofumwa kwa wavu wa waya, na kwa macho yetu yamejaa matundu matupu. Ndege aona mbingu toka upande wa pili. Lakini kwa wimbi la urefu wa sentimita 7, tundu la milimita chache ni sawa na mlango uliofungwa. Hupita kidogo mno, na karibu yote hurudi.

WATU WALIOANZA KAZI HII

Mwaka 1865 bingwa mmoja wa Scotland, jina lake James Clerk Maxwell, alichapisha hesabu zilizoonyesha ya kwamba umeme na sumaku zaweza kufanya mawimbi, na mwendo wa mawimbi hayo ni sawasawa na mwendo wa nuru. Akasema kwamba nuru yenyewe ni mawimbi ya namna hiyo. Lilikuwa neno kubwa, lakini lilikuwa katika karatasi tu. Maxwell akafa mwaka 1879, na hapana mtu aliyekuwa amekwisha kulithibitisha kwa vyombo.

Aliyelithibitisha ni Mjerumani Heinrich Hertz, katika mji wa Karlsruhe. Alirusha cheche za umeme kati ya vipande viwili vya shaba, na mbali kidogo akaweka waya wenye mwanya mwembamba. Cheche kubwa iliporuka upande mmoja, kijicheche kidogo kiliruka katika mwanya ule upande wa pili, ijapokuwa hapakuwa na waya wa kuviunganisha.

Mwaka 1888 Hertz hakuridhika kuonyesha kwamba mawimbi yapo. Alitaka kujua kama yafanya mambo yale yale ya nuru. Mawimbi yake yalikuwa na urefu wa sentimita 66 hivi, kwa hiyo vyombo vyake vilikuwa sharti viwe vikubwa. Alitengeneza vioo viwili vya bati la zinki vyenye kimo cha mita 2, vimekunjwa kama nusu ya mtungi. Akasubu lami katika umbo la pembe tatu, yaani prizimu, kimo chake mita moja na nusu, uzito wake zaidi ya kilo 500. Mawimbi yalipopita katika lami yakapinda njia yake kwa digrii 22, kama nuru ipindavyo katika kipande cha kioo cha pembe tatu. Mtu alipokatiza mbele ya vioo, vijicheche vilizimika; mwili wake ulitia kivuli. Mlango wa mbao ulipofungwa, mawimbi yalipita katikati ya mbao. Hertz alifariki tarehe 1 Januari 1894, hajatimiza umri wa miaka 37.

Baada yake alitokea Mhindi wa Bengal, Jagadis Chandra Bose, mwalimu katika Presidency College mjini Calcutta. Huyu alipoingia kazini mwaka 1885 alipewa mshahara pungufu kuliko walimu Waingereza. Akakataa kuupokea kwa muda wa miaka 3, naye aliendelea kufundisha bila kukosa, mpaka alipokubaliwa kulipwa sawa nao. Mwaka 1894 alianza kuyashughulikia mawimbi ya Hertz, akatambua ya kwamba mtu akitaka kuvipunguza vyombo, kwanza apunguze wimbi. Basi akatengeneza mawimbi ya urefu wa sentimita 2 na nusu, hata mengine ya milimita 5. Kazi iliyomlazimu Hertz kutumia prizimu ya zaidi ya kilo 500, Bose aliifanya juu ya meza, kwa vyombo ambavyo mtu aweza kuvichukua safarini. Akavichukua kweli, na tarehe 29 Januari 1897 alivionyesha London mbele ya mkutano wa Royal Institution.

Urefu ule aliouchagua Bose ndio unaofaa hata leo kwa kufundishia. Wimbi la sentimita 3 ni kubwa kiasi cha kupimwa kwa rula ya mwanafunzi, tena ni dogo kiasi cha kutosha juu ya meza. Ni kubwa kuliko wimbi la nuru ya kijani kiasi cha mara 60,000.

VYOMBO VYA DARASANI

Siku hizi vyombo hivi havitumii cheche. Kimoja ni chombo cha kutuma, nacho ni kisanduku chenye mdomo wa bati uliopanuka kama tarumbeta ya pembe nne. Cha pili ni chombo cha kupokea, chenye mdomo kama ule, nacho kimeungwa na mita yenye mshale. Mawimbi yakiingia kwa nguvu mshale hupanda. Yasipoingia mshale hulala. Nguvu ya chombo cha kutuma ni ndogo mno, haifiki sehemu ya kumi ya wati moja. Vitu vingine ni vipande vya bati, fremu yenye nyuzi za waya, na nta ya mishumaa iliyosubiwa katika umbo la prizimu. Sasa tueleze majaribio yenyewe.

Jaribio la 1: Kinachopita na kisichopita

Vyombo viwili vielekezane, mshale upande. Mwalimu aweke ubao mkavu katikati: mshale hautikisiki sana. Aweke kitabu: hivyo hivyo. Kisha aweke mkono wake: mshale huanguka. Bati nalo huzuia kabisa. Tena aloweshe kitambaa kwa maji na kukining'iniza katikati. Mshale huanguka, hali kitambaa kile kile kilipokuwa kikavu hakikuzuia kitu. Maji hula mawimbi haya, na mwili wa mtu una maji mengi. Kwa sababu hiyo mvua kubwa ikinyesha, picha ya televisheni iletwayo na dishi hukatika. Kwa nuru hii basi, ubao ni dirisha, na maji ni ukuta wenye giza.

Jaribio la 2: Kurudi na kupinda

Bati likisimamishwa mshazari, mawimbi hurudi kwa pembe ile ile yaliyojia, sawasawa na nuru juu ya kioo. Prizimu ya nta ikiwekwa njiani, mshale huanguka, na mwanafunzi sharti asogeze chombo cha kupokea upande mpaka ayapate mawimbi yalikopinda. Macho hayaoni chochote ndani ya nta ile isiyopenywa na nuru, walakini kwa mawimbi haya ni safi kama kioo. Nta ikisubiwa katika umbo la dengu kubwa, iliyotuna katikati na kupungua kingoni, hukusanya mawimbi mahali pamoja, kama lenzi ya miwani ya mzee ikusanyavyo jua hata kuchoma jani kavu.

Jaribio la 3: Nyufa mbili

Hili ndilo jaribio tunalopenda msomaji alitazame kwa makini, maana ndilo lililowashinda watu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwingereza Thomas Young alionyesha ya kwamba nuru ikipita mahali pawili pembamba palipokaribiana, upande wa pili hutokea mistari ya nuru na giza kwa zamu. Akasema ni mawimbi yanayokutana: mgongo ukikutana na mgongo, wimbi huzidi, mgongo ukikutana na bonde, vyote viwili hufutana. Wengi walimpinga. Na mtu wa kawaida angewezaje kusadiki, maadamu nyufa zenyewe ni nyembamba kama unywele, na tofauti ya njia isemwayo ni sehemu ndogo ya elfu ya milimita, isiyopimika kwa rula yoyote?

Kwa mawimbi ya sentimita 3 jambo hili hupimika mezani. Yatwaliwe mabati matatu, yasimamishwe mstari mmoja, yakiacha nyufa mbili, na toka katikati ya ufa mmoja hata katikati ya wa pili iwe sentimita 9. Chombo cha kutuma kiwekwe nyuma, katikati. Mwanafunzi atembeze chombo cha kupokea upande wa mbele polepole. Katikati kabisa mshale hupanda. Akisogea upande, mshale hushuka mpaka karibu na sifuri. Akizidi kusogea, mshale hupanda tena.

Sasa atwae uzi. Chombo cha kupokea kikiwa mahali pale pa kwanza mshale ulipolala, apime toka ufa wa kulia hata mdomo wa chombo, kisha toka ufa wa kushoto. Ataona njia moja imezidi nyingine kwa sentimita 1 na nusu hivi, yaani nusu ya wimbi. Hapo mgongo wa wimbi moja umefika pamoja na bonde la jingine. Asogee hata mshale upande tena, apime. Atapata tofauti ya sentimita 3, yaani wimbi zima. Kile alichokidai Young kwa hoja, mtoto wa shule akishika kwa uzi mkononi mwake.

Liko na la kushangaza zaidi. Chombo kikiwa mahali palipolala mshale, mwanafunzi azibe ufa mmoja kwa kipande cha bati. Mtu angedhani mshale utazidi kulala, kwa kuwa njia imepunguzwa. Kinyume chake, mshale hupanda! Milango ilipokuwa miwili hapakufika kitu. Mmoja ulipofungwa, mawimbi yamefika. Hayo hayawezekani kwa kitu kinachokwenda kama mchanga au risasi. Yawezekana kwa mawimbi peke yake.

Jaribio la 4: Nyuzi za waya

Mtikisiko wa umeme ulio ndani ya wimbi una upande wake. Chombo cha kutuma kikisimama wima, mtikisiko huenda juu na chini. Kikilazwa, huenda kulia na kushoto. Chombo cha kupokea hukubali upande mmoja tu. Kwa hiyo, kimoja kikiwa wima na cha pili kimelazwa, mshale hulala, ijapokuwa vimeelekezana na hapana kizuizi.

Itwaliwe fremu yenye nyuzi za waya zilizopangwa sambamba kama nyuzi za kinubi. Vyombo vyote viwili viwe wima. Nyuzi zikiwa wima, mshale hulala. Fremu ikigeuzwa hata nyuzi zikalala, mshale hupanda. Wengi hukosea hapa, maana hufikiri kwamba wimbi la juu na chini litapita kati ya nyuzi za wima kama kisu kati ya fito za ukuta. Sivyo. Umeme wa wimbi husukuma chembe za umeme zilizomo katika waya zipande na kushuka, nazo katika kupanda na kushuka hulirudisha wimbi lilikotoka. Nyuzi zikilala, chembe hizo hazina nafasi ya kutembea juu na chini, basi wimbi hupita salama.

Sasa chombo cha kutuma kiwe wima na cha kupokea kilazwe, mshale umelala. Mwalimu atie fremu katikati, nyuzi zikiwa mshazari, nusu ya kulala na nusu ya kusimama. Mshale huamka! Amezidisha kizuizi, na mawimbi yamefika. Sababu yake ni kwamba fremu haichuji tu; wimbi litokalo humo limegeuzwa upande, sasa ni la mshazari, na sehemu yake moja yalingana na upande wa chombo cha kupokea. Ikiwa fremu haina upungufu, nguvu inayofika ni robo ya ile ambayo ingefika kama vyombo vingelingana. Jambo hili hili hutokea kwa nuru na miwani ya jua ya namna ile ipunguzayo mng'ao wa maji, lakini nyuzi za miwani ile hazionekani. Hapa zaonekana na kuguswa.

Bose hakuwa na haja ya vitu vya fahari. Alitwaa kitabu cha nyakati za treni, akatia karatasi za bati jembamba kati ya kurasa, nacho kikamfanyia kazi ya fremu hii. Tena alitwaa nyuzi za juti, mmea wa kwao Bengal, ambao ndio utengenezwao magunia ya kutilia kahawa na nafaka, akazisokota. Mawimbi yalipopita katika juti iliyosokotwa kuume, upande wa mtikisiko uligeuka; iliyosokotwa kushoto iligeuza kinyume. Alifanya hivyo ili kuonyesha kwa kitu kikubwa jambo lifanywalo na sukari iliyoyeyuka katika maji, maana sukari nayo hugeuza upande wa nuru, hata viwandani hupima nguvu ya maji ya miwa kwa njia hiyo. Chembe za sukari hazionekani umbo lake. Juti ilikuwa mfano wake wa kushikwa mkononi.

Jaribio la 5: Pengo kati ya prizimu mbili

Nuru iliyomo ndani ya kioo ikigonga ukuta wake kwa pembe ya mshazari sana, haitoki nje. Hurudi yote ndani. Lakini hesabu za mawimbi zasema kwamba huchungulia nje kidogo, kwa umbali usiozidi sana urefu wa wimbi lenyewe, na kwamba kioo kingine kikikaribishwa hapo, baadhi ya nuru itaruka pengo. Kwa nuru pengo hilo ni dogo kuliko vumbi, na ni kazi kubwa kulipima.

Kwa nta ni rahisi. Prizimu moja huyarudisha mawimbi yote pembeni. Ya pili iwekwe nyuma yake, nafasi kati yao sentimita 5: karibu hapana kinachopita. Isogezwe polepole. Ikifika sentimita 1 hivi, mshale wa upande wa pili umekwisha kupanda, na ule wa upande wa kurudi umeshuka. Zikigusana, mawimbi hupita moja kwa moja kana kwamba nta ni kipande kimoja. Bose naye alilipima pengo la namna hii Calcutta kwa mawimbi yake na prizimu za kioo.

Jaribio la 6: Vipira vya chuma

Mwaka 1912 kijana Lawrence Bragg, mzaliwa wa Australia, alieleza jinsi mionzi ya eksirei, ambayo mawimbi yake ni mafupi kuliko ya nuru mara maelfu, inavyorudishwa na safu za chembe zilizomo ndani ya fuwele, kama vile punje ya chumvi. Kwa pembe fulani mawimbi yatokayo safu zote hulingana na kuzidi nguvu; kwa pembe nyingine hufutana. Mtu akizijua pembe, aweza kukokotoa nafasi iliyo kati ya safu. Mwaka 1915 Bragg na baba yake walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo, na mwaka 1953 njia hii ilisaidia kulitambua umbo la DNA, ile chembe ichukuayo urithi toka wazazi hata watoto.

Darasani fuwele hutengenezwa kwa vipira vya chuma vilivyopangwa ndani ya povu jepesi la plastiki, toka safu hata safu sentimita 4. Kwa wimbi la sentimita 3, hesabu ya Bragg yasema nguvu itazidi mawimbi yanapoijia safu kwa pembe ya digrii 22. Mwanafunzi huigeuza fuwele yake polepole, na mshale hupanda papo hapo ulipotarajiwa. Povu likifunikwa asione vipira, aweza kukisia mpango wao kwa pembe tu, kama walivyofanya mabingwa wale kwa chumvi.

KUPIMA MWENDO WA NURU, NA ONYO

Bati likisimamishwa mbele ya chombo cha kutuma, mawimbi yaendayo hukutana na yarudiyo, na katikati hutokea mahali pa nguvu na mahali pa utulivu kwa zamu. Toka utulivu mmoja hata wa pili ni nusu ya wimbi, yaani sentimita 1 na nusu. Ikiwa chombo hutikisika mara milioni 10,000 kwa sekunde, na kila wimbi ni sentimita 3, basi kwa sekunde moja mawimbi yamekwenda sentimita milioni 30,000, ambazo ni kilometa 300,000. Ndio mwendo wa nuru, nao umepatikana kwa rula.

Walio mijini wenye oveni ya maikrowevu waweza kuona jambo la namna hii. Waondoe sahani izungukayo, waweke chokoleti bapa juu ya sahani isiyozunguka, na kuiwasha kwa sekunde chache. Chokoleti huyeyuka mahali mahali, na nafasi kati yake mara nyingi hukaribia sentimita 6, kwa kuwa mawimbi ya oveni ni ya sentimita 12 hivi. Mlango wake nao una bati lenye matundu madogo: nuru ya taa hupita tukaona chakula, na mawimbi makubwa hayapiti.

Lakini twaonya kwa nguvu: mtu asithubutu kufungua mwili wa oveni ili atoe chombo kilichomo akitumie kwa majaribio haya. Nguvu yake ni mamia ya wati, yatosha kupofusha macho. Tena umeme wake wa ndani waweza kuua mtu hata baada ya kuchomolewa ukutani. Majaribio tuliyoyaeleza hufanywa kwa vyombo vya shule vyenye nguvu ndogo, wala si kwa oveni.

MAHALI MFANO UNAPOKOMA

Hatupendi msomaji adhani kwamba mawimbi haya yaonyesha kila kitu cha nuru. Mwaka 1887 Hertz mwenyewe aliona ya kwamba vijicheche vyake viliruka kwa urahisi zaidi vikiangazwa na nuru ipitayo rangi ya urujuani, isiyoonekana. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza sababu: nuru hutoa nguvu zake kwa vipimo vipimo, na kipimo kimoja cha nuru ile chatosha kung'oa chembe ya umeme katika chuma. Kipimo cha wimbi la sentimita 3 ni kidogo mno, hakiwezi. Basi kwa jambo hilo sharti mwalimu arudi kwenye nuru yenyewe.

Lakini kwa kurudi, kupinda, kuzidi, kufutana na kugeuka upande, kanuni ni ile ile moja. Hertz aliitumia kwa sentimita 66, Bose kwa milimita 5, Bragg kwa mawimbi mafupi kuliko nuru, wala haikubadilika. Vipimo tu ndivyo vilivyobadilika. Kwa hiyo msomaji atakapolipita tena dishi lile la kijivu juu ya paa, na alitazame kama kioo. Na mvua kubwa itakapokata picha, ajue ya kwamba kivuli kimepita mbele yake.